Je, Mwanga Husukuma? Fotoni, Momenta Yake na Miendo Inayosababishwa na Nuru

Mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, ameniandikia swali hili:

"Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba mwanga ni chembe ziitwazo fotoni, na kwamba fotoni haina tungamo. Mmoja akauliza: kama haina tungamo, inawezaje kusukuma kitu? Nikamwonesha radiomita iliyomo maabarani kwetu, lile tufe la kioo lenye vibapa vinne vinavyozunguka linapowekwa juani, nikamwambia kwamba fotoni ndizo zinazovisukuma vibapa. Hakuridhika, nami nikabaki na shaka. Je, nilimjibu sawasawa? Na nitumie istilahi gani kutofautisha miendo mbalimbali ambayo mwanga huisababisha?"

Mwalimu, sehemu ya kwanza ya uliyowafundisha ni sahihi: fotoni haina tungamo, na pamoja na hayo husukuma. Sehemu ya pili si sahihi, na ushahidi umo ndani ya tufe lenyewe, kwa kuwa vibapa vile huzunguka kinyume cha upande ambao fotoni zingevipeleka. Ili tuelewane vizuri, nakuomba tufuate utaratibu mmoja kila tunapokutana na kitu kilichotikiswa na mwanga: kwanza tuulize momenta ya mwendo huo (kiasi cha mwendo ambacho kitu hubeba na kinaweza kukipa kingine) imetoka wapi, kisha tuulize nishati yake imetoka wapi. Mara nyingi maswali haya mawili yana majibu tofauti, na makosa mengi ninayoyaona katika majibu ya wanafunzi hutokana na kuyachanganya.

Fotoni ni fungu dogo kabisa la nishati ambalo mwanga wa masafa fulani, yaani wa idadi fulani ya mitetemo kwa sekunde, unaweza kulitoa au kulipokea unapokutana na maada. Haiwezekani kufyonza nusu yake. Mwaka 1900 Max Planck alilazimika kudhani kwamba nishati ya mnururisho, yaani ya mionzi kama mwanga na joto, hubadilishwa kwa mafungu maalumu, na mwaka 1905 Albert Einstein akasonga mbele zaidi kwa kusema kwamba mwanga wenyewe hutolewa, husafiri na hufyonzwa kwa mafungu hayo, ambayo aliyaita kwanta za mwanga. Jina la fotoni lilienea baada ya mkemia wa Marekani, Gilbert Lewis, kulitumia mwaka 1926, ingawa dhana aliyokuwa nayo yeye haikuwa ile tuliyonayo leo. Darasani unaweza kusema kwamba kwanta ni neno la jumla kwa fungu lisilogawanyika, na kwamba fotoni ni kwanta ya mwanga na ya mawimbi mengine yote ya sumakuumeme, kuanzia yale ya redio hadi eksirei. "Chembe ya nuru" inafaa kwa somo la kwanza, lakini isikae muda mrefu, maana humfanya mwanafunzi afikirie kitufe kidogo chenye ukubwa na mahali maalumu, jambo ambalo fotoni haina.

Nishati ya fotoni moja hupatikana kwa kuzidisha masafa yake kwa kanuni thabiti ya Planck, ambayo ni 6.626 × 10⁻³⁴ juli-sekunde. Kwa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 540, jibu ni takribani juli 3.7 × 10⁻¹⁹. Hicho ni kiasi kidogo mno, kiasi kwamba chanzo kinachotoa wati moja tu ya mwanga wa kijani hurusha fotoni zipatazo 2.7 × 10¹⁸ kila sekunde. Ndiyo maana macho yetu huona mwanga kama kitu kinachotiririka bila kukatika.

Sasa tuje kwenye tungamo. Mwanafunzi wako amekwama kwa sababu alifundishwa kwamba momenta ni tungamo mara mwendokasi, na kwa hiyo tungamo likiwa sifuri, momenta nayo lazima iwe sifuri. Mantiki yake haina kasoro. Tatizo ni kwamba kanuni ile hufaa kwa vitu vinavyokwenda polepole vikilinganishwa na mwanga, na haikukusudiwa kwa mwanga wenyewe. Kanuni pana iliyotokana na nadharia ya uhusianifu ya Einstein husema hivi: mraba wa nishati ni sawa na mraba wa momenta mara kasi ya mwanga, ukijumlishwa na mraba wa tungamo mara kasi ya mwanga iliyozidishwa kwa yenyewe. Weka sifuri mahali pa tungamo, na sehemu ya pili yote itafutika, lakini ya kwanza itabaki, nayo hutuambia kwamba momenta ni nishati ikigawanywa kwa kasi ya mwanga. Kwa fotoni hilo ni sawa na kugawanya kanuni thabiti ya Planck kwa urefu wa wimbi. Fotoni yetu ya kijani hubeba takribani kilogramu-mita kwa sekunde 1.2 × 10⁻²⁷. Kuna vitabu vya zamani vinavyojaribu kuiokoa kanuni ya kwanza kwa kuipa fotoni "tungamo la mwendo". Mimi ningeshauri uviache, kwa kuwa mwanafunzi hutoka hapo akiamini kwamba fotoni ina tungamo siku za mitihani na haina siku nyingine.

Kwamba momenta hii ni kitu halisi kilithibitishwa na Arthur Compton mwaka 1923. Alipopitisha eksirei katika kaboni aliona kwamba miale iliyotawanyika ilikuwa na urefu wa wimbi mkubwa kuliko ile iliyoingia, na ongezeko hilo lilitegemea pembe ya kutawanyika kama inavyotazamiwa ikiwa fotoni moja imegongana na elektroni moja na kuiachia sehemu ya nishati na momenta yake. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1927.

Jambo moja hupitwa na wengi. Msukumo wa mwanga ulitabiriwa kabla ya fotoni kufikiriwa kabisa. James Clerk Maxwell aliuonesha mwaka 1873 kwa kutumia nadharia ya mawimbi peke yake, na hesabu yake hutoa tarakimu zilezile zinazotolewa na hesabu ya fotoni. Kwa hiyo mwanafunzi akisema kwamba msukumo wa mwanga unathibitisha kuwapo kwa fotoni, msahihishe kwa upole: unathibitisha kwamba mwanga una momenta, na hilo linakubaliana na nadharia zote mbili. Kinachohitaji fotoni ni jaribio la Compton na athari ya fotoelektriki, nitakayoieleza baadaye. Istilahi ya msukumo huu ni kanieneo ya mnururisho, yaani kani ya mwanga kwa kila kipimo cha eneo unaloliangukia.

Ukubwa wake ni upi? Mwanga ukifyonzwa wote, kanieneo ni nguvu ya mwanga, kwa wati, katika kila mita ya mraba ikigawanywa kwa kasi ya mwanga. Ukiakisiwa wote na kurudi ulikotoka, kanieneo huwa mara mbili. Sababu ya kuongezeka huko utaieleza kirahisi kwa mtoto aliyewahi kuona nyumba ya tembe ikikandikwa: bonge la udongo likirushwa ukutani na kunata, ukuta hupokea momenta ya bonge hilo tu, lakini mpira ukirushwa kwa momenta ileile na kurudi, ukuta umelazimika kuusimamisha na kisha kuurudisha, na hivyo umepokea maradufu.

Hesabu nzuri ya kufanya na darasa ni ya paa la bati. Hapa Dodoma jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba, na anga likiwa jeupe ardhi hupokea takribani wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Gawanya kwa mita milioni 300 kwa sekunde, upate paskali 0.0000033. Kwa paa la mita za mraba 60 lililochakaa na kushika kutu, ambalo hufyonza sehemu kubwa ya mwanga, kani yote ni kama nyutoni 0.0002, yaani uzito wa miligramu 20, ambao ni karibu sawa na uzito wa punje moja ya mtama. Bati jipya linalometameta haliwezi kuzidisha uzito huo zaidi ya mara mbili. Upepo wa kawaida wa mita tano kwa sekunde, ambao mkazi wa Dodoma hata hauhesabu kuwa upepo, hukandamiza kila mita ya mraba ya kitu kilichoukabili kwa kani ambayo ni karibu mara milioni nne ya ile ya mwanga. Ukiwapa wanafunzi hesabu hii kabla ya kuwaonesha radiomita, watakuwa na sababu ya kushuku mapema kwamba kitu kinachozunguka kwa wepesi namna ile hakisukumwi na kanieneo ya mnururisho.

Sasa turudi maabarani. Radiomita ilitengenezwa na Mwingereza William Crookes katika miaka ya 1870, baada ya kuona kwamba mizani aliyokuwa akipimia ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, ilivurugwa na joto na mwanga wa jua. Kila kibapa kina upande mweusi na upande mweupe au wa fedha. Crookes mwenyewe alidhani mwanzoni kwamba amekiona kwa macho kile alichokitabiri Maxwell. Lakini mwambie mwanafunzi wako atazame kwa makini ni upande upi unaorudi nyuma. Upande unaong'aa huakisi mwanga na upande mweusi huufyonza, na kwa hesabu tuliyoifanya hivi punde unaong'aa ndio unaopaswa kusukumwa zaidi, karibu maradufu. Kinachoonekana ni kinyume chake: upande mweusi ndio unaokimbia mwanga. Hapo dhana ya msukumo wa fotoni inakuwa imeshindwa bila kuhitaji kifaa kingine chochote.

Ushahidi wa pili uko katika kiasi cha hewa. Ndani ya tufe lile hakuna ombwe kamili. Kuna hewa kidogo, yenye kanieneo inayokaribia paskali moja, wakati hewa ya kawaida ina karibu paskali 100,000. Ukiiondoa hewa hiyo iliyobaki kwa pampu bora, vibapa husimama, ilhali msukumo wa mwanga haungepungua hata kidogo. Kinyume chake ungefanya kazi kwa uhuru zaidi. Ushahidi wa tatu ulitolewa na Arthur Schuster mwaka 1876. Alilining'iniza tufe lote ili nalo liweze kuzunguka, akaona kwamba vibapa vikienda upande mmoja, tufe hujaribu kwenda upande wa pili. Kama momenta ingekuwa imeletwa na mwanga kutoka nje, tufe lisingekuwa na sababu ya kujibu hivyo. Momenta ya vibapa ilikuwa imetoka kwa hewa ya ndani, na hewa hiyo nayo ilikuwa imeliegemea tufe.

Maelezo yanayokubalika ni kwamba upande mweusi hufyonza mwanga na kupata joto kuliko upande wa pili, na joto hilo huvuruga mwendo wa molekuli za hewa zilizo jirani. Lakini hapa kuna mtego wa pili ambao hata walimu wazuri hunaswa nao. Husemwa kwamba molekuli zinazougusa upande wenye joto huruka kwa kasi zaidi na hivyo hukisukuma kibapa. Ni kweli kwamba huruka kwa kasi zaidi, ila kwa kufanya hivyo huzizuia molekuli nyingine zisifike, na katikati ya kibapa mambo hayo mawili hukaribia kufutana. Kani inayobaki hutokea hasa kingoni. Osborne Reynolds alionesha mwaka 1879 kwamba katika hewa nyembamba kama ile, hewa hutambaa pembezoni mwa kitu kutoka upande wa baridi kwenda upande wa joto, na mwaka huohuo Maxwell naye alichapisha hesabu yake juu ya jambo hilo. Hewa ikitambaa kuelekea upande mweusi, kibapa hurudishwa upande wa pili. Kwa hiyo jibu la maswali yetu mawili ni kwamba nishati imetoka kwa mwanga, lakini momenta imetoka kwa hewa.

Haya yote unaweza kuyajaribu bila gharama. Liweke tufe gizani karibu na jiko la mkaa uliokolea, nalo litazunguka, kwa sababu mionzi ya infraredi, ile ya joto isiyoonekana kwa macho, hufyonzwa na upande mweusi vilevile. Kisha lichukue likiwa na joto uliingize katika jokofu lenye giza. Litapunguza mwendo, litasimama, na kwa muda litazunguka kinyumenyume, kwa kuwa upande mweusi hupoteza joto upesi kuliko unaong'aa.

Msukumo halisi wa mwanga ulipimwa kwa mara ya kwanza na Pyotr Lebedev mjini Moscow, aliyetangaza matokeo yake mwaka 1900, na muda mfupi baadaye na Ernest Nichols na Gordon Hull nchini Marekani. Wote walitumia vibapa vyepesi vilivyoning'inizwa kwa uzi mwembamba mno, na sehemu kubwa ya ustadi wao ilikuwa kuizuia ile kani ya hewa inayoizungusha radiomita isiufunike msukumo waliokuwa wakiutafuta.

Angani, ambako hakuna hewa wala msuguano, kani hii ndogo hupata nafasi ya kujilimbikiza. Mkia wa vumbi wa kimondo chenye mkia, yaani kometi, huelekea mbali na Jua kwa sababu ya kanieneo ya mnururisho. Kometi nyingi huwa na mkia wa pili wa gesi yenye chaji, na huo husukumwa na upepo wa Jua. Wanafunzi waonywe kitu kimoja hapa: upepo wa Jua ni protoni na elektroni, si fotoni, na kanieneo yake katika umbali wa Dunia ni ndogo kuliko ya mwanga kwa maelfu ya mara. Tanga la chombo cha Japani kiitwacho IKAROS, kilichorushwa Mei 2010, lilikuwa na eneo la takribani mita za mraba 196, na lilipokea kutoka kwa Jua kani ya karibu milinyutoni 1.1. Tanga la anga la namna hiyo si tanga la jahazi lipokealo upepo, bali ni kioo kikubwa chepesi kinachoakisi fotoni. Wahandisi wa NASA nao, baada ya darubini ya anga ya Kepler kuharibikiwa na magurudumu mawili ya kuituliza, waliielekeza kwa namna ambayo mwanga wa Jua uliisukuma sawasawa pande zote, na kuanzia mwaka 2014 ikaendelea na uchunguzi.

Kwa vitu vidogo sana mwanga haudharauliki hata hapa duniani. Atomi ya sodiamu ikifyonza fotoni moja ya mwanga wake wa njano, mwendokasi wake hubadilika kwa sentimita tatu hivi kwa sekunde, na inaweza kufyonza mamilioni ya fotoni ndani ya sekunde moja. Njia hii hutumika kuzipunguzia atomi mwendo hadi zikakaribia kusimama, na Steven Chu, Claude Cohen-Tannoudji na William Phillips walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1997 kwa kazi hiyo. Arthur Ashkin, aliyetuzwa mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 96, alionesha kwamba mwali wa leza uliokusanywa unaweza kukamata na kuhamisha vijipunje na hata bakteria hai. Katika hayo yote momenta imetoka kwa mwanga wenyewe, na hapo neno "kusukuma" linastahili.

Halistahili katika athari ya fotoelektriki, ambapo mwanga huzing'oa elektroni kutoka katika metali, wala katika paneli za sola zinazoendesha pampu za visima vijijini kwetu. Wengi huchora fotoni ikiipiga elektroni teke. Hebu pima. Elektroni yenye nishati sawa na ya fotoni yetu ya kijani ina momenta karibu mara 700 ya fotoni hiyo, na kwa hiyo haiwezekani kuwa imeipata kwa fotoni. Nishati imetoka kwa fotoni, lakini momenta husawazishwa na metali yenyewe, ambayo hurudi nyuma kwa kiasi kisichoonekana. Ndiyo maana kinachoamua kama elektroni itang'oka ni masafa ya mwanga, si ukali wake: zinki huhitaji mionzi ya urujuanimno, na taa nyekundu haitaifanyia kitu hata ikiwa kali namna gani. Katika paneli ya silikoni elektroni hazitoki nje. Fotoni huzifungua tu, na uga wa umeme uliojengwa ndani ya paneli ndio unaoziongoza upande mmoja.

Mwisho kuna mwendo ambao wanafunzi wa Kongwa na wenzao wa Singida wanaujua kuliko mwingine wowote, ule wa alizeti change kulifuata jua kutoka mashariki hadi magharibi. Hapo mwanga hautoi momenta, na hata nishati ya mwendo wenyewe haitoki moja kwa moja katika fotoni zinazouongoza. Mmea hupokea mwanga kama ishara, homoni ya ukuaji iitwayo oksini hukusanyika zaidi upande mmoja wa shina, na upande huo hukua upesi kuliko mwenzake. Nguvu inayotumika ni akiba ya chakula cha mmea. Kupinda huko kwa kulifuata jua huitwa heliotropia. Alizeti ikikomaa na shina kuacha kurefuka, mwendo nao hukoma, na maua mengi hubaki yameelekea mashariki.